Damu ya Mama Imesema Miezi

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako utazidai siku nyingine. Leo nina habari, na nimeshindwa kuamua kama ni nzuri au mbaya, kwa hiyo nakuandikia uniamulie wewe.

Daktari alikuja nyumbani juzi. Unajua tangu saratani ilipofika kwenye ini wameacha kumpa Mama dawa za kupambana nayo. Sasa anapewa za maumivu tu, na daktari huyu kazi yake ni kuzunguka kwenye nyumba za wagonjwa wa namna hiyo. Ni mwanamke mfupi, mpole, anavua viatu mlangoni hata ukimkataza. Nilimvuta jikoni nikamweleza masharti ya huko kwenu. Kwamba mfungwa anaruhusiwa kutoka mara moja tu kwa ajili ya mzazi: ama aje amwone kitandani, ama aje amzike, si vyote viwili. Na kwamba ili uje umwone akiwa hai, lazima daktari athibitishe kuwa mgonjwa amebakiza wiki, si miezi. Nikamwomba aandike hivyo, yaishe.

Akasema haandiki kwa kukisia. Siku hizi wanapima damu. Wanaangalia vitu kadhaa, ila viwili ndivyo vikubwa: kimoja hupanda mwili unapowaka ndani kwa ndani, kingine hushuka mwili unaposhindwa kujilisha. Wakijumlisha na jinsi mgonjwa anavyokula na kujongea, wanamweka kwenye kundi lake: la siku, la wiki, au la miezi. Alisema si utabiri wa mganga, hukosea, lakini hukosea kidogo kuliko daktari aliyeingiwa na huruma.

Basi akamtoa Mama damu. Leo majibu yamekuja. Damu ya Mama imesema miezi.

Daktari alinishika mikono yote miwili akanipongeza. Nikaangua kilio palepale jikoni, akadhani ni furaha, akanipa kitambaa chake. Sikumsahihisha. Mdogo wangu, nililia kwa sababu mama yangu mzazi hafi upesi vya kutosha. Sijawahi kujichukia kama leo.

Tena naogopa Mama alisikia. Chumba chake hakina mlango; tuliung'oa ili kile kitanda cha chuma kipite, tukatundika shuka. Ukikohoa jikoni, anakwambia pole akiwa humo ndani.

Dada yako


12 Machi

Dada,

Nimekuamulia: habari ni nzuri. Futa machozi, rudisha kitambaa cha watu.

Nasema hivyo mchana. Usiku nahesabu kama wewe. Nikikaa bila kosa na punguzo la kifungo kwa tabia njema likibaki palepale, natoka mwakani, mwezi kama huu. Miezi ya damu ya Mama haitafika huko, hilo hata mimi nisiyejua kusoma damu nalijua. Kwa hiyo ni lazima nichague, na nimeshachagua. Nataka kuja akiwa hai. Nikija kuzika nitakuwa nazungumza na mbao, na mbao nazungumza nazo kila siku karakana, hazinijibu.

Mara ya mwisho kuonana ilikuwa mahakamani. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma na ule mkoba wake mapajani. Waliponitoa kupitia mlango wa pembeni aliinuka, akafungua mdomo, nami nikasukumwa nje. Tangu hapo najiuliza alitaka kusema nini. Pengine alitaka kunitukana tu. Na hilo nalo nalitaka.

Kitu kimoja, Dada, na hiki kitilie maanani. Barua zetu zote zinapita mezani kwa Bwana Ustawi, ofisa wa ustawi wa wafungwa, anazisoma, anagonga muhuri, ndipo zinatoka. Si mtu mbaya, ila amechoka kudanganywa. Mwaka jana familia moja ilisema baba yao yu mahututi. Askari alipomsindikiza mwenzetu huko, mzee akakutwa juu ya ngazi anapaka rangi ukuta. Mwenzetu alipokonywa punguzo lake lote. Msinifanyie hivyo kwa mapenzi. Mwache daktari aseme ukweli, na ukweli ukichelewa, tutausubiri.

Simu ya huku usihangaike kuipiga. Ipo kwa ajili ya wageni wanaokuja kukagua.

Mdogo wako


20 Machi

Kitinda wangu,

Naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Dada yako yuko kazini anawanyooshea watu suruali, nami nimejipa nafasi ya kumsengenya.

Nasikia damu yangu imefaulu mtihani. Shuleni nilifeli, nyumba ya tajiri niliyoanzia kazi walinifukuza, baba yenu alinioa kwa kukosea njia, nimekuja kufaulu uzeeni! Dada yako akalia jikoni kama mtu aliyemwaga sufuria. Wanadhani shuka ni ukuta. Nimesikia yote, ya wiki na ya miezi na ya kutoka mara moja tu.

Nimepikia bweni la wasichana maisha yangu yote ya kazi. Mwanamke aliyelisha wasichana wale wote na wakashiba hashindwi na vitu viwili vidogo, kimoja kinapanda na kingine kinashuka. Ndivyo chakula chote kilivyo. Haya, tuyaache hayo.

Unakula? Kucha unakata? Karakana wanawapa kitu cha kuziba pua, au vumbi lote la mbao mnalimeza? Dada yako hanijibu nikimwuliza, anasema ‘yuko salama’ kama tangazo la redio.

Mimi sijambo. Kuna jino la nyuma linanipigia kelele kidogo, upande wa kushoto. Usimwambie dada yako, huyo kwa kuita watu hajambo, ataniletea mtu na koleo.

Wewe nyoosha shati, ukae tayari.

Mama yako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Mambo yamebadilika ghafla. Mama ana homa. Hali kitu. Nikimpelekea uji anasema weka hapo, nikirudi uko vilevile na umeota ngozi juu. Analalia upande wa kushoto tu, uso ameufunika kwa kanga mpaka jichoni, na nikitaka kumgeuza ananisukuma kwa nguvu ambayo sijui anaitoa wapi. Mifupa ya mabega unaiona juu ya shuka.

Daktari alipokuja hakutaka kupima damu siku ileile. Alisema homa inaweza kuipotosha damu ikaonyesha mabaya kuliko yalivyo. Akaacha vidonge vya kuua vijidudu, Mama avimalize kwanza. Nimempa mwenyewe kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, nimemwona akiweka mdomoni. Vimekwisha, na homa haijashuka. Hapo daktari akasema basi hii si homa ya kupita, huu ni ugonjwa wenyewe. Akamtoa damu.

Kile kinachopanda kimepanda mno. Kile kinachoshuka kimeshuka mno. Damu imesema wiki.

Ameandika karatasi na kuitia sahihi, nami nimeituma leo kwa Bwana Ustawi pamoja na barua hii. Nilikimbia hadi posta. Nilikimbia, mdogo wangu, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, na karatasi ya kifo cha mama yangu mkononi. Nilipofika dirishani nikaona haya hata kumtazama yule binti wa stempu.

Dada yako


23 Aprili

Dada,

Imekubaliwa.

Bwana Ustawi aliniita ofisini, akanikalisha, jambo ambalo halifanyi. Akaniuliza, ‘Kitanda au kaburi?’ Nikasema kitanda. Akaniuliza mara ya pili, polepole, akanieleza kwamba nikishatoka hii sitoki tena, hata Mama akifa siku inayofuata, hata akifa mimi nikiwa getini narudi. Nikasema kitanda. Nikatia sahihi. Jina linasomeka vizuri.

Ni Jumanne ijayo, mchana. Nitakuja na askari mmoja, nimefungwa pingu naye mkono kwa mkono. Mwambie Mama mapema asizishangae. Mwambie pia kwamba askari lazima akae chumbani muda wote, ndiyo amri, na akirudi anaeleza alichokiona. Mtafutie kiti.

Mwalimu wetu wa useremala, yule raia anayekuletea mashati yake uyafue, ameniazima shati moja. Alisema tayari limepigwa pasi na dada yangu, kwa hiyo litanizoea. Naliangalia tu, sijalivaa.

Dada, nimeandaa maneno mengi nimwambie, na kila nikiyarudia yanapungua.

Mdogo wako


4 Mei

Dada,

Asante kwa kila kitu. Asante kwa maji, kwa kigoda cha askari, kwa kutolia mbele yake.

Sikuja kwa kuchelewa, najua, nilikuja siku niliyopangiwa. Lakini nilichelewa. Mama yule hakuwa Mama. Macho yamefumba, mdomo umevimba pembeni ya kanga, pumzi inakuja na kukatika. Nilimwita mara ngapi? Hata kope haikucheza. Nilimshika mkono kwa mkono wangu ulio huru, ukawa wa moto na haukunishika.

Ulipotoka kwenda kumchemshia askari chai nilimnong'oneza. Nilimwambia, ‘Mama nenda tu, usinisubiri, nenda upumzike.’ Ndilo nililokuwa nalo. Yale mengi niliyoyaandaa yalikataa kutoka, na askari alikuwa anatazama ukutani kwa heshima, nami nikaona haya.

Bwana Ustawi amepokea maelezo ya askari. Amesema pole, kweli mama yako yuko mwishoni. Punguzo langu liko salama.

Ukiniandikia kwamba amefariki, andika kwa kifupi. Mimi nimeshamuaga.

Mdogo wako


15 Mei
Kwa mkono wa Mwalimu

Mdogo wangu,

Barua hii haipiti kwa Bwana Ustawi. Mwalimu ameificha kwenye shati lililonyooshwa. Isome, kisha ichome kwenye jiko la kuchemshia gundi huko karakana.

Mama hajafa. Mama amekaa kitandani, anakula, ananiambia uji wangu una madonge.

Siku tatu nne baada ya wewe kuja nilifua vitu vyake. Mimi dobi, nakagua kila kitu kabla hakijaingia majini, ila siku hiyo nilikuwa nimechoka nikatumbukiza foronya bila kuikunjua. Maji yakawa ya njano. Nikaikunjua. Ndani ya pindo, mdogo wangu, vile vidonge vyote vya daktari, kimoja kimoja, vimelainika vimeshikana. Hakumeza hata kimoja. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi, nikigeuza mgongo anavipachika mle.

Nikamwendea na foronya inadondosha maji. Nikamfunua uso kwa nguvu, Mungu anisamehe. Shavu lilikuwa limevimba kama amebugia tonge asilolimeza, na ndani jino limeoza mpaka kwenye mfupa, usaha unatoka. Hiyo ndiyo homa. Hicho ndicho kilichopandisha damu. Jino! Alikuwa amelifuga. Na chakula alikuwa anakikataa makusudi ili kile kingine kishuke. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, ‘Mlitaka wiki, nimewapa wiki.’

Daktari alikuja na mtu wa meno, jino likang'olewa, sindano zikaanza. Daktari alikaa kwenye kigoda akaligeuzageuza lile jino. Angeweza kutushtaki. Akasema tu kwamba jino lile lingemuua kabla ya saratani, kisha akavaa viatu vyake akaondoka. Wiki hii amempima tena. Damu imesema miezi.

Sasa lililo zito zaidi. Siku ile ulipokuja, Mama alikuwa macho. Alikuwa na homa, ndiyo, na maumivu, lakini alikuwa na akili zake zote. Alikusikia. Alifumba macho kwa sababu ya askari. Uliandika juu ya yule mzee wa ngazini, nami nilimsomea, na likamkaa kichwani. Alihofia kwamba akifumbua macho, akasema neno moja tu, askari atarudi kusema mgonjwa anaongea, mgonjwa mzima, nawe upokonywe punguzo kwa uongo wake. Alikuleta chumbani kwa uongo, kisha uongo ukamfunga mdomo.

Nina hasira naye hata nashindwa kumchana nywele. Kisha namchana.

Dada yako


15 Mei
Kwa mkono wa Mwalimu

Kitinda,

Dada yako ameshakwambia, amenuna kama tanuri, kwa hiyo nami niseme.

Nilidhani nitakuona. Ndivyo nilivyopiga hesabu zangu: nikishakuleta ndani ya chumba, mengine yatajipa. Sikufikiria kwamba mgonjwa wa wiki lazima awe mgonjwa wa wiki mpaka mgeni aondoke. Nilisikia pingu zinagonga chuma cha kitanda. Nikasikia unavyovuta pumzi kwa pua, kama ulivyokuwa unafanya ukizuia kulia ukiwa mdogo. Nilisema moyoni nitafumbua kidogo tu, nichungulie. Nikasikia askari anasogeza kigoda. Nikabana.

Ulinishika mkono nami nikauacha ulegee. Mwanangu, kuzaa hakukuniuma hivyo.

Uliuliza, ingawa si mimi uliyeniuliza, na dada yako alinisomea: mahakamani nilitaka kusema nini. Nilitaka kusema umesahau sweta lako. Ndiyo hivyo. Lilikuwa kwenye mkoba. Nilikuwa nimesikia huko kuna baridi.

Nijibu, hata kwa matusi.

Mama yako


2 Juni
Kwa mkono wa Mwalimu

Dada,

Mwambie Mama asiniandikie kwa sasa.

Nilikuwa na mchana mmoja. Nilikuwa na kutoka kumoja, nikakutumia kote, nikaenda kuzungumza na mtu anayejifanya maiti. Na nimerudi nikalia mbele ya wanaume wenzangu, nikakaa kama mfiwa, wakanipa nafasi karibu na dirisha kwa kunihurumia. Sasa nikae vipi? Nikimwambia mtu kwamba amekaa kitandani anakula, punguzo linakwenda. Kwa hiyo kila asubuhi napewa pole, na naitikia asante. Nimefungwa humu ndani mara mbili.

Tena nisingekuwa nimechagua kitanda, angalau ningemzika. Sasa sina hiki wala kile.

Usinijibu. Nitakuandikia nikitulia.

Mdogo wako


30 Julai
Kwa mkono wa Mwalimu

Mdogo wangu,

Hujatulia bado?

Nimenyamaza kama ulivyotaka, ila Mama anauliza kila Mwalimu akileta mashati. Akimsikia mlangoni anajiinua kwa viwiko. Mwalimu naye ameanza kuingia kinyemela, anaacha mashati anakimbia, maskini, kama mdaiwa.

Naishi kati yenu wawili. Yeye ndani ya shuka, wewe nyuma ya ukuta, mimi na pasi. Sitoki kwenda popote isipokuwa dukani na kurudi. Wewe una tarehe yako ya kutoka, unaijua. Mimi yangu ni siku mama yangu atakapokufa, na siruhusiwi kuitamani. Usinune peke yako kama vile wewe ndiye uliyefungwa peke yako.

Mwandikie mstari mmoja.

Dada yako


11 Septemba

Mdogo wangu,

Mashati hayaji wiki hii, kwa hiyo barua hii inapita ofisini. Utaelewa.

Hali ya mgonjwa imekuwa mbaya kweli. Sasa ni kweli. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, anasinzia akiwa anaongea. Daktari alitaka kumtoa damu ajue amebakiza kiasi gani, Mama akavuta mkono. Alisema, ‘Damu yangu nani ataiamini?’ Wakacheka wote wawili, daktari akalia kidogo, sindano akairudisha mkobani.

Najua hakuna kutoka tena. Sikuombi kitu kwa wakubwa. Nakuomba wewe.

Amelala macho yamefumba muda mwingi. Nikimwita anaitikia ila hayafumbui.

Dada yako


14 Septemba

Dada,

Nikisubiri mashati nitachelewa. Barua hii itapita mezani kwa Bwana Ustawi, ataisoma, na nitakayoyaandika yatanigharimu. Basi na yanigharimu. Kaa kwenye kile kigoda, umsogelee sikioni, usome polepole.

Mama, fumbua macho. Askari hayupo.

Siku ile mimi nilikuona, wewe hukuniona. Hilo ndilo lililonitia hasira miezi yote hii, si jino, si vidonge. Nilitaka unione. Kwa hiyo nitazame sasa. Nimekonda, ila si sana, mashavu yapo. Nimeota mvi hapa mbele, juu ya paji, zinanipa heshima nisiyostahili. Kidole cha shahada cha kushoto kimepungua ncha, msumeno, nilikuficheni. Kimepona vizuri, kinafanya kazi. Kucha nimekata. Pua tunaziba kwa kitambaa. Shati ni la Mwalimu, jeupe, lina mstari wa pasi mikononi kama kisu, unajua ni nani aliyelinyoosha. Na mkono huu ni wangu, nishike. Sasa unaruhusiwa.

Nilikwambia uende, usinisubiri. Nilidhani unateseka, nilisema kwa kukuonea huruma. Sikutaka uende, Mama. Nilitaka unisubiri mpaka mwakani getini na lile sweta. Bado nataka. Lakini ukichoka, choka tu, sitanuna tena.

Hakuna mtu aliyewahi kunipenda kwa jino. Wanangu nikiwapata nitawasimulia, na hawataamini.

Nilipokea barua yako nikaisoma mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Nilikuwa nimekusamehe siku ileile, nikaona haya kusema.

Mwanao, Kitinda

Imesomwa. Ipelekwe leo, isisubiri zamu ya posta. — Ustawi


22 Septemba

Mdogo wangu,

Uliomba niandike kwa kifupi.

Nilimsomea. Ulipomwambia afumbue macho alifumbua, kwa shida, jicho la kulia kwanza. Akawa anautazama uso wangu lakini si mimi aliyekuwa ananiona. Nilipofika kwenye mvi akasema, ‘Muongo huyo, baba yake alikufa na nywele nyeusi.’ Nilipofika kwenye mkono nikamwekea wangu, akaubana mpaka pete ikaniumiza. Nilipomaliza akasema nisome tena. Nikasoma tena. Jioni pia. Kesho yake hakuweza kusema, ila nikinyamaza alikuwa anavuta karatasi.

Amefariki Alhamisi alfajiri, tukamzika Ijumaa. Daktari alipeleka habari huko kwenu, na kabla ya mazishi Bwana Ustawi alinipigia simu dukani. Nikadhani amebadilisha mawazo. Alisema hana uwezo wa kukutoa, alitaka tu kujua mazishi ni saa ngapi, ili wakuache peke yako karakana saa hiyo. Juu ya punguzo lako hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza.

Nilimwambia saa nne. Watu walikuwa wachache, daktari alikuja, alivua viatu hata pale. Walipoita mwana wa kiume atie mchanga wa kwanza watu wakatazamana. Mahali pako nilisimama mimi.

Dada yako